Umepiga Dawa, Viazi Bado Vinadumaa

Mwezi wa sita mwaka jana nilikwenda Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, kumjulia hali mamangu mdogo. Sikumkuta barazani. Alikuwa shambani, leso kaifunga kiunoni, mtandio kauzungusha usoni yamebaki macho tu, pampu ya dawa iko mgongoni. Nikamwamkia. Marahaba yake ilitoka chini chini, ya mtu aliyechoka.

"Mara ya tatu hii, mwanangu," akasema huku akiitua pampu. "Yule muuza dawa kaniuzia maji."

Viazi vitamu alivipanda masika yalipoanza, mwezi wa nne. Kwa miezi miwili ile mashina yalikuwa yawe yameshatambaa na kufunika matuta, mtu asione udongo. Nilichokiona ni vichaka vidogo vidogo vilivyojikunyata, majani membamba kama ya mpilipili, yamepauka, yamejikunja, na mishipa yake ya njano imejitokeza kama mistari ya kiganja. Nikachuma jani moja nikaligeuza. Halikuwa na mdudu hata mmoja. Nikageuza la pili, la tatu, la kumi. Dawa ilikuwa dawa kweli, na wadudu walikuwa wamekufa kweli. Ugonjwa ndio uliosalia, tena ukiendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna aliyebeba pampu.

Nadhani mkanganyiko unaanzia kwenye maneno yetu wenyewe. Jino likioza, tunasema limeingia wadudu. Unga ukikaa sana kabatini, umeingia wadudu. Viazi vikidumaa, navyo vimeingia wadudu. Na kitu kilichoingia wadudu tiba yake mtu haulizi mara mbili: waue. Kwa fukusi usemi huo unakubali, maana fukusi anakitoboa kiazi, anakila, anazalia humo humo. Ukikikata unamwona mwenyewe na mashimo yake, na ukikipika unausikia uchungu aliouacha. Hasara ni yeye. Kidukari na inzi mweupe, vijidudu vinavyofyonza maji ya majani, ni watu wa namna nyingine. Wanachokinywa kwenye jani ni kidogo, na mmea wenye nguvu unaweza kuwavumilia. Taabu ni mzigo waliokuja nao. Wao ni wachukuzi, na wanachokichukua ni virusi. Kirusi kikishaingia ndani ya mmea hakina dawa, iwe ya dukani, iwe ya mwarobaini, iwe ya mganga. Kinakaa humo, na ukikata kipande cha shina lile ukapande kwingine, mara nyingi umekipanda na kirusi chake.

Mtu wa Malindi hahitaji kufundishwa hili kwa mbali, kwani mbu tunamjua. Ukimpiga kofi mbu baada ya kushiba damu yako, mbu amekufa, na malaria kama ilikuwemo imeshaingia. Kwa hiyo kabla hujanunua dawa ya kupulizia mimea, jambo la kujua ni muda. Mchukuzi huyu anahitaji dakika ngapi kuushusha mzigo wake? Kama anahitaji saa kadhaa, dawa inaweza kumuwahi. Kama anahitaji sekunde, umekwenda kuzika, hukwenda kutibu.

Elimu hii ya muda inaonekana vizuri kwenye mbatata, hivi viazi tunavyovila kwenye karai na bajia, ambavyo kwetu havistawi. Mbatata hutaka usiku wa baridi ili ifanye viazi, na usiku wa Malindi hata shuka ni mzigo. Ndiyo maana vinashuka kwa malori kutoka Nyandarua, Meru na Nakuru. Huko Ulaya wakulima walikuwa na malalamiko ya miaka mingi kwamba mbegu ya mbatata "inachoka". Unaanza na mbegu nzuri, msimu wa kwanza unajaza magunia, wa pili yanapungua, na ikifika wa nne au wa tano unavuna viazi vya kuchezea gololi. Wengi waliamini kwamba ni uzee: mmea unaopandwa kwa vipande vyake mwenyewe mwaka hadi mwaka bila kupitia ua na mbegu lazima uzeeke. Lakini kulikuwa na kitendawili. Mbegu iliyotoka Uskoti, kwenye vilima vya baridi na upepo, haikuzeeka haraka. Watu wakainunua bila kujua kwa nini.

Mwaka 1916 Mholanzi aitwaye Quanjer alionyesha kwamba ule ugonjwa wa majani kujisokota unaambukiza, unapita kutoka mmea hadi mmea. Mnamo 1920 Mholanzi mwenzake, Oortwijn Botjes, akamtaja mchukuzi: kidukari. Kitendawili cha Uskoti kikateguka hapo. Baridi na upepo wa kule havimpendezi kidukari, basi mbegu ya kule ilikuwa changa kwa sababu tu haikuwa imetembelewa.

Baadaye ikaonekana kwamba kidukari huyo huyo anachukua virusi viwili vikubwa vya mbatata, na anavichukua kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Kidukari hana meno. Ana mrija mwembamba kuliko unywele, kama sindano, anaouchomeka kwenye jani. Akitua kwenye mmea asioujua, kwanza huonja: anachoma juu juu, anatoa, anahama. Kirusi kiitwacho Y kinashika kwenye ncha ya sindano hiyo. Kuchoma kwa sekunde chache kunatosha kukichukua, na kuchoma kwa sekunde chache kwingine kunatosha kukishusha. Akiendelea kuonja huku na huku, baada ya saa chache ncha imeshajisafisha. Kirusi hiki ni kama sindano chafu ya hospitali: uchafu uko nje, unamalizwa na mgonjwa anayefuata.

Kirusi cha majani kujisokota kina mwendo wa malaria. Kidukari lazima atulie, aufikishe mrija ndani kabisa kwenye mshipa wa sukari, anywe kwa saa kadhaa. Kirusi kinaingia tumboni, kinavuka hadi mwilini, kinafika kwenye mate. Kazi hiyo inachukua kiasi cha siku nzima. Baada ya hapo anaambukiza mpaka afe.

Sasa piga hesabu ya dawa. Anayehitaji kutulia saa kadhaa kwenye jani lenye sumu atakufa kabla ya kumaliza. Kwa ugonjwa wa majani kujisokota, dawa iliyopigwa kwa wakati wake inafanya kazi. Lakini yule wa kirusi Y ameshaonja mara tatu kabla sumu haijamlegeza, na zipo dawa zinazomfanya ahangaike, aruke jani hadi jani akionja zaidi kuliko ambavyo angeonja kama angeachwa. Ndiyo sababu wakulima wa mbegu za mbatata Ulaya hupulizia mafuta mepesi ya madini juu ya majani. Mafuta hayo hayamuui kidukari. Yanazuia kirusi kisishike kwenye ncha ya sindano. Wengine huzungushia shamba mistari ya mmea mwingine, nafaka kwa mfano, ili kidukari anayeingia kutoka nje aonje huko kwanza, aifute ncha yake kwenye mmea ambao kirusi hakiuwezi. Nilipousoma ujanja huu mara ya kwanza nilicheka. Ni kama kuweka kata ya maji mlangoni mgeni aoshe miguu.

Turudi Ganda. Viazi vitamu si ndugu wa mbatata, ingawa kwa Kiswahili tumevipa jina moja. Mbatata iko ukoo mmoja na nyanya na bilingani. Kiazi kitamu kiko ukoo mwingine kabisa, kina virusi vyake, na ugonjwa wake mkubwa wa Afrika Mashariki ni ugonjwa wa ubia. Mwaka 1957 mtafiti F.M.L. Sheffield, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Muguga karibu na Nairobi, alichapisha maelezo ya virusi viwili kwenye viazi vitamu vya eneo hili: kimoja kinachukuliwa na vidukari, kingine na inzi weupe.

Cha vidukari kikiingia peke yake, mara nyingi mkulima hata hajui. Labda ataona madoa hafifu au mstari wa zambarau kando ya mshipa. Aina nyingi za viazi vya Afrika Mashariki zina nguvu ya kukibana kirusi hiki, na baadhi ya mashina hujiponya yenyewe. Cha inzi weupe nacho kikiwa peke yake kinadumaza kidogo, kinageuza majani ya chini rangi, na mavuno yanapungua lakini hayapotei. Balaa ni vikikutana ndani ya shina moja. Kirusi cha inzi mweupe kina protini inayozima kinga ya mmea, ile kinga iliyokuwa ikikibana cha kidukari. Kilichokuwa kimebanwa kinafunguliwa, na kinazaana mara mamia kuliko kilivyokuwa. Hapo ndipo majani yanapokuwa nyuzi, shina linagoma kutambaa, na mavuno yanapotea zaidi ya nusu, wakati mwingine karibu yote. Mwizi mmoja kakata waya wa taa, mwingine akaingia.

Na vidukari wenyewe kwa kawaida hawaishi kwenye viazi vitamu. Ni wasafiri wenye mabawa. Wanatua, wanaonja, hawapendi, wanaondoka. Wanachukua kirusi chao kwa ile njia ya sekunde. Mamangu mdogo angepiga dawa kila Ijumaa mpaka mwaka uishe, angekuwa anawapigia wapita njia.

Inzi mweupe ni mkazi. Huyu inafaa umwone kwa macho yako. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, wakati bado mzito kuruka, shika jani la juu kwa vidole viwili kwenye kikonyo, uligeuze taratibu. Utaona vijivumbi vyeupe vya urefu wa milimita moja hivi, vimejipanga, mabawa yamekunjwa kama paa la nyumba. Tikisa, vinaruka kama unga uliopulizwa, vinazunguka kidogo, vinarudi. Kwenye majani ya chini yake utakuta magamba bapa, ya manjano iliyofifia, yamenata hayaendi popote. Hao ndio watoto wake, na wanakunywa tu. Kwa joto letu, yai linakuwa inzi kwa wiki tatu hivi. Ukiona magamba mengine yamegeuka meusi, usiyaguse: mara nyingi ni dalili kwamba kijinyigu, mdogo kuliko inzi mwenyewe, ametaga ndani ya gamba na mtoto wake anamla mtoto wa inzi. Dawa kali inaua kijinyigu huyu kwa urahisi. Inzi mweupe kwa upande wake ana sifa duniani kote ya kuzoea sumu, kwa sababu vizazi vyake vinafuatana haraka na wanaosalia ndio wanaozaa. Unapiga, wanapungua wiki mbili, wanarudi wengi zaidi na adui wao hayupo. Nimeyaona haya kwenye mashamba ya nyanya kando ya Mto Sabaki, ambako watu wanamwagilia mwaka mzima. Nyanya, mabamia, bilingani, maharage: meza haiondolewi, na mgeni haondoki.

Kuna jambo jingine kuhusu kupiga dawa ambalo linanikera kuliko pesa inayopotea. Bara wanakula kiazi. Sisi tunakula na majani. Matembele yanachumwa jioni yakapikwe na nazi, na kisamvu hivyo hivyo. Dawa nyingi zinataka siku kadhaa zipite kabla ya kuchuma, na muda huo umeandikwa kwenye kibandiko kwa herufi ambazo mamangu mdogo hazioni hata akivaa miwani. Mara nyingi ukimuuliza muuzaji atakutajia bei. Ndani ya ua ule wa Ganda nilimuuliza mara ya mwisho matembele yalichumwa lini. Akanitazama, akaitazama pampu, hakunijibu. Jioni ile tulikula mchicha.

Sijasema kwamba kumpunguza inzi mweupe hakuna faida. Maji ya sabuni yakimpata chini ya jani yanamuua, maana yanamziba pumzi. Yakimkosa hayamfanyi kitu. Mwarobaini, ambao kwetu unaota mpaka kwenye nyufa za kuta, unampunguzia hamu ya kula na kuwavuruga watoto wake wasikue. Kibao cha rangi ya manjano kilichopakwa grisi kitamnasa, na kitakuonyesha lini wanaanza kuongezeka. Haya yote yana nafasi kwenye kitalu kidogo cha mbegu ambako kila jani unaweza kuligeuza. Kwenye eka nzima iliyokwisha kuugua ni kujichosha.

Muhogo unastahili maneno yake, maana ndiko inzi mweupe alikoitesa Pwani zaidi. Anachukua magonjwa mawili. La kwanza ni batobato, ambalo liliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Mjerumani Warburg, huko Tanganyika. Hili ni ugonjwa mwaminifu: linajionyesha. Majani machanga yanajipinda, yana mabaka ya kijani na njano, na hata mtoto anaweza kukuonyesha shina linaloumwa. La pili ni michirizi ya kahawia, nalo ni mnafiki. Mtafiti Storey alilieleza mwaka 1936 alipokuwa kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, na kwa miaka mingi lilijulikana kama ugonjwa wa ukanda huu wa pwani, kutoka kwetu hadi Msumbiji. Juu shamba linapendeza. Labda majani ya chini yana njano kando ya mishipa, jambo ambalo mtu atalisingizia uzee au jua.

Wiki chache kabla ya safari ile ya Ganda nilinunua muhogo sokoni, mnene, umenyooka, ganda lake safi, nikiwa na nia ya kuupika na nazi. Muuzaji aliuvunja ncha kunionyesha weupe, na ncha ilikuwa nyeupe kweli. Nyumbani, kisu kilipofika katikati kikakwama. Ndani kulikuwa na madoa ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa, yamesambaa katikati ya nyama nyeupe. Nikakata mbele, nikakata nyuma. Nilichoweka sufuriani kilikuwa chini ya nusu. Wanaokaanga kachiri wanaujua mchezo huu, ndiyo maana wengine wanakata muhogo vipande viwili kwanza ndipo walipe. Uozo huo huongezeka muhogo unavyokaa ardhini, basi wakulima wengi wameacha ile faida kubwa ya muhogo, ya kukaa shambani ukingoja siku ya njaa, na wanaung'oa mapema.

Inzi mweupe hakipeleki mbali kirusi hiki cha michirizi. Anacho kwa muda mfupi, anakishusha shamba la jirani au la pili yake. Kilichokivusha mto na wilaya ni binadamu aliyefunga fimbo za muhogo kwenye baiskeli. Mtu amependa muhogo wa shemeji yake, wa aina ya kibandameno, mtamu, unaiva upesi, akaomba fimbo kumi. Kibandameno kweli ni mtamu, na kweli ni dhaifu kwa magonjwa yote mawili. Amani walijaribu kuukwepa udhaifu huu tangu zamani kwa kuuzalisha muhogo na mti wa mpira ambao ni ndugu yake, kisha wakaurudisha kwa muhogo mara tatu ili upate kulika. Katika kazi hiyo ikatoka aina ambayo Pwani ya Kenya tunaiita Kaleso na Watanzania wanaiita Namikonga, ambayo mpaka leo inavumilia michirizi kuliko nyingi. Kituo cha utafiti cha Mtwapa, kusini mwetu, nacho kilitoa aina sita mwaka 2008: Tajirika, Karembo, Shibe, Karibuni, Nzalauka na Siri. Anayeanza shamba jipya afike huko kwanza kabla ya kwenda kwa shemeji.

Hapo ndipo mambo yote yanapokutana: kwenye mbegu. Mdudu anaanzisha, lakini msimu hadi msimu ni sisi tunaouendeleza ugonjwa, na viazi vitamu vina sababu yao mahususi. Kaskazi ikishapiga miezi kadhaa mashina yote yanakauka. Masika yakikaribia, mtu mwenye eka moja, akipanda kwa mita moja kati ya matuta na sentimita 30 kati ya shimo na shimo, anahitaji vipando zaidi ya 13,000. Atavipata wapi? Vilivyosalia hai ni vile vilivyoota nyuma ya nyumba, pale maji ya bafu yanapomwagika, kando ya muhogo mkongwe na mbilingani mmoja usiong'olewa. Mahali hapo ndipo inzi weupe wote wa mtaa walipokimbilia kiangazi kizima. Tunakata hapo, tunapanda eka nzima, ugonjwa tumeusambaza kwa mkono kabla inzi wa kwanza hajaruka. Tena viazi vizuri vimeshaliwa au kuuzwa. Vilivyoachwa ardhini ni vile visivyokuwa na maana, na ndivyo vinavyochipua.

Nilimweleza mamangu mdogo hivi, kwa maneno mafupi zaidi. Akaniuliza swali moja: "Sasa niviache?"

Viazi vile vilivyokunjana nilimwambia aving'oe, awape mbuzi ule muda wa dawa ukishapita. Virusi vya mimea havimdhuru mnyama. Lakini si vyote vilikuwa vimekunjana. Hapa na pale, kwenye tuta lile lile, kulikuwa na shina limetambaa vizuri, majani mapana, kijani chake kimekolea. Hayo ndiyo ya kuwekewa alama. Wakulima wa mbatata wa nyanda za juu za Kenya wamefundishwa hivi: wakati wa maua, mmea ukiwa bado unaonyesha afya yake, wanasimika vijiti kwenye ule mzuri, wanaukagua tena kabla haujanyauka, kisha wanachimba mbegu kutoka hapo peke yake. Kwenye majaribio mavuno yaliongezeka kwa kiasi cha thuluthi moja, na kilichotumika ni macho na vijiti. Mbegu zao bado si safi kama za maabara, ila zimepunguziwa mzigo.

Kukagua mara mbili ndiko kwenye maana. Shina lililoambukizwa jana leo ni zuri. Ulipe wiki mbili tatu lijiseme.

Kisha kata ncha, za sentimita 30 hivi, upande karibu karibu kwenye kitalu mbali na viazi vya zamani. Kwa anayeweza, kitalu kifunikwe neti. Huko Tanzania, kanda ya Ziwa, wakulima wamehifadhi mbegu safi kwa vibanda vidogo vya neti. Lakini iwe neti ya kitalu yenye matundu madogo sana. Neti ya mbu inampitisha inzi mweupe bila kuinamisha kichwa, na nimewaona watu wameitandika kwa imani kabisa. Asiye na neti azungushie mahindi mistari miwili, yampunguzie wale vidukari wa kuonja.

Mamangu mdogo alichana leso nzee, nyekundu, akafunga vitambaa kwenye mashina kumi na moja. Niliporudi mwezi wa saba vilikuwa vimebaki tisa. "Mawili yalinidanganya," akasema. Majani yao ya juu yalikuwa yameanza kupauka, akayang'oa na kitambaa chake. Yale tisa alishayakata ncha, kazipanda upande wa kusi wa ua ili upepo ukivuma uwapeleke inzi mbali nazo. Mahindi yalikuwa yamefika magotini.

Tukasimama pale tukivitazama. Halafu akageuka akaangalia upande wa pili, kwenye matuta ya zamani ambayo bado yalikuwa hayajachimbwa.

"Na kaskazi ikigeuka?" akauliza.

Sikuwa nimeifikiria hiyo. Upepo ukigeuka, kitalu ndicho kitakachokuwa chini ya upepo, na kila inzi wa matuta yale ataletwa moja kwa moja. Tukahesabu miezi kwa vidole. Mwezi wa kumi usiishe viazi vile viwe vimetoka vyote, na mizizi yake, na muhogo mkongwe wa nyuma ya bafu nao uende. Muhogo aliukatalia. Tuliachana hatujakubaliana.